Kilima Nyuma ya Mahema

Bibi alipoiona picha ile hakuuliza watu wale ni akina nani. Alivuta kigoda, akasogeza uso karibu na kompyuta yangu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka kiganja juu ya kioo, akafunika mahema yote, moshi wote na watu wote, akabakiza mstari wa juu tu, pale ardhi inapokutana na anga. Akautazama mstari huo kwa muda.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Huko nyuma ndiko tulikokuwa tunachanja kuni."

Picha ni ya Mbrazili Sebastião Salgado, aliyoipiga mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Benaco, wilayani Ngara. Huenda umewahi kuziona picha zake za Benaco bila kujua ni za wapi. Ni nyeusi na nyeupe, zenye moshi wa asubuhi na miili iliyofunikwa mablanketi, na kambi imetandazwa juu ya vilima mpaka jicho lichoke. Zimetundikwa katika kumbi za maonyesho za Ulaya na Marekani. Zimo pia katika vitabu ambavyo nakala moja inazidi kodi ya chumba changu cha Dar es Salaam kwa mwezi. Mimi nilikutana nazo kwenye semina ya shahada ya uzamili, zikiwa zimemulikwa ukutani kwa projekta inayokoroma. Nilinyoosha mkono nikasema mimi ni mtu wa Ngara. Darasa zima liligeuka kunitazama kana kwamba nimetoka ndani ya picha. Nilizaliwa mwaka 1998, kambi ile ikiwa imeshafungwa. Sikuwa na la kuongeza, nikashusha mkono.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani na kamera. Niseme ukweli kwamba sikwenda kwa ajili ya historia. Nilikuwa nimenunua kamera ya mtumba Kariakoo, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nimezama katika picha za mandhari, zile za kisanaa, ambamo mpiga picha huacha lenzi wazi kwa sekunde nyingi mpaka maji ya mto yanageuka kuwa kama maziwa au ukungu. Nilitaka kuyapiga hivyo maporomoko ya Rusumo, mapema asubuhi, bila mtu hata mmoja. Nilishaliona jambo lote kichwani: miamba, povu, mawingu. Mto mkubwa na mimi.

Basi la kwenda Ngara likishapita Kahama huingia wilaya ya Biharamulo, na baada ya Nyakanazi na Lusahunga dirisha hujaa pori. Watu wazima wa kwetu hawalipendi pori hili. Miaka ya baada ya kambi, majambazi wenye bunduki za kivita waliteka magari humu, na kwa muda mrefu mabasi yalipita kwa msafara, polisi wenye silaha wakiwa ndani. Leo abiria wanalala. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sasa ukitafuta jina hilo mtandaoni unaletewa ziwa lililotulia, twiga, na maelezo kwamba hapa ni asili isiyoguswa. Isiyoguswa na nani? Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilihamisha watu katika sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika, Biharamulo ikiwemo, ikawakusanya katika makazi maalumu ili kupambana na malale. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa msitu, na mbung'o wakafuata. Baadhi ya upweke tunaoupiga picha leo ulitengenezwa na amri ya ofisini. Lakini siku ile sikuwaza hayo. Niliweka kamera dirishani nikapiga picha kumi na tano za pori tupu, na nikazipenda zote.

Mto Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote inayomwaga maji katika Ziwa Victoria. Maji yake hutoka milima ya Rwanda na Burundi. Ruvubu hukutana nao juu kidogo tu ya Rusumo, mahali ambapo nchi tatu zinagusana, kisha mto mzima unabanwa kati ya miamba na kuanguka. Maporomoko yenyewe si marefu, yapata mita 15. Ukubwa wake uko katika kelele, na katika ukweli kwamba kwa muda mrefu sana hapa palikuwa mahali pa kuvukia.

Mei 1894 alivukia hapa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, akitokea pwani na msafara wa wapagazi, akiingia Rwanda kwenda kuonana na mfalme Kigeli Rwabugiri. Miaka michache baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Majimaji vilipozuka. Kitabu cha safari yake kilichapishwa Berlin mwaka 1895. Vitabu vya namna hiyo vilikuwa na desturi yake. Nchi huonyeshwa kutoka mahali pa juu, pana, iliyotulia, inayongoja. Mwenyeji akionekana, huwekwa pembeni akiwa mdogo, ili msomaji wa Berlin apate kipimo cha ukubwa wa mlima. Wachoraji na wapiga picha wa leo bado huita hilo kipimo. Mtu anawekwa kwenye picha ili tujue jiwe ni kubwa kiasi gani.

Wabelgiji walipita hapohapo mwaka 1916 wakiwafurusha Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita Watutsi waliokimbia mauaji Rwanda, wengine wakapewa ardhi Muyenzi, hukuhuku Ngara. Mwaka 1972 wakaja Warundi. Wahangaza na Washubi wa vilima hivi walizoea kuona watu wakitokea upande wa mto, kwa hiyo mtu asidhani mwaka 1994 ilikuwa mara ya kwanza. Kilichokuwa kipya ni idadi.

Aprili ile, kabla ya watu kuja, ilikuja miili. Mto ulibeba waliouawa Rwanda, wengi wao Watutsi, ukawaangusha pale Rusumo, ukawapeleka kaskazini kisha mashariki, kupita Kyaka, mpaka ziwani upande wa Uganda. Huko Kasensero na vijiji vingine vya ufukweni wavuvi waliwazika kwa maelfu. Waandishi wa habari walisimama darajani na kupiga picha za maporomoko, na hizo ndizo picha za Rusumo zilizoenea duniani kuliko zozote. Kuzunguka ziwa watu waliacha kula samaki. Bibi anasema yeye aliacha hata kutazama mto. Siyo kwa kuapa, anasema, ila shingo ilikataa kugeuka.

Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, majeshi ya RPF yakiukaribia mpaka, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa ishirini na nne hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijawahi kushuhudia kundi kubwa kiasi hicho likihama kwa haraka namna hiyo. Mpakani yalibaki marundo ya mapanga. Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu wakulima wenye hofu ya kulipiziwa kisasi. Lakini waliokuwa wameongoza mauaji nao walivuka, wakiwa na vyeo vyao vilevile, na kambini waliendelea kuwa viongozi wa watu walewale. Mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Murambi, alikuwemo Benaco. Juni mwaka ule, jaribio la kumwondoa kambini lilizusha ghasia kiasi cha watoa misaada kuhofia maisha yao. Baadaye mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Nayasema haya kwa sababu ukitazama picha ya kambi kutoka mbali, moshi unawafunika wote kwa usawa. Muuaji na mtoto wana ukubwa mmoja.

Salgado alifika wakati huo. Hakuwa mgeni kabisa wa ukanda huu. Kabla ya kushika kamera alikuwa mchumi, akifanya kazi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao yake London, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alijua vilima hivi vikiwa vya chai na kahawa. Nadhani ndiyo maana picha zake za Benaco zinaonyesha ardhi vizuri kuliko za wenzake wengi. Wengine walisogea karibu na nyuso. Yeye mara nyingi alirudi nyuma akapanda juu, akapiga dhidi ya mwanga, akaacha mabonde yahesabike moja baada ya jingine. Kwa mtu anayejifunza picha za mandhari, hapo kuna somo: mpangilio wa tabaka, ukungu unaotenganisha mbele na nyuma, anga iliyopewa theluthi yake. Nilizichambua hivyo kwenye daftari. Nilipoisoma tena kurasa ile niliona haya, lakini sikuichana.

Alilaumiwa kwa uzuri huo. Mwaka 1991 Ingrid Sischy alishaandika katika jarida la The New Yorker kwamba Salgado anayaremba mateso. Mwaka 2003 Susan Sontag, katika kitabu chake kuhusu picha za maumivu ya wengine, alitoa hoja ambayo kwangu ina uzito zaidi. Hakuhangaika sana na uzuri. Alihoji kwa nini watu wanyonge katika picha za Salgado hawana majina, ilhali mtu mashuhuri akipigwa picha jina lake huwa la kwanza kuandikwa.

Nakubaliana na Sontag nusu. Nusu nyingine aliikosa kwa sababu hakuwa wa huku. Angeuliza pia jina la mahali. Maelezo ya picha yanasema Benaco, Tanzania. Benaco si neno la Kihangaza wala la Kishubi. Lilikuwa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyopiga kambi hapo ilipokuwa ikitengeneza barabara. Wahandisi walipoondoka, jina likabaki kwenye mabanda yao na kwenye bwawa la maji, na wakimbizi walipofika, watoa misaada wakalikuta, wakaliandika kwenye ramani. Ndani ya siku chache makazi yale yakawa yanatajwa kuwa ya pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar es Salaam. Duniani kote watu wakajifunza kutamka jina la mkandarasi wakidhani wanatamka jina la kilima. Sisi wenyewe tumeshakubali. Konda wa basi hupaza sauti, "Benaco! Benaco wa kushuka!" nami hushuka.

Bibi hasemi Benaco. Husema Kasulo.

Kwa hiyo tulipokuwa tumeketi na ile kompyuta, na kiganja chake kikiwa bado juu ya mahema, nilimwuliza kulikuwa na nini hapo chini kabla.

"Miti."

Miti gani?

"Mjukuu wangu, miti. Unataka niitaje mmojammoja?"

Kisha akaitaja mmojammoja. Mingine niliijua, mingine nimeiandika kwa sauti tu na bado natafuta mtu wa kuniambia ni ipi. Huu wa mipini ya majembe. Huu wa dawa ya tumbo. Ule haukatwi. Akanionyesha kwa kidole kwenye anga ya picha, mahali ambapo kwangu palikuwa na weupe mtupu, kwamba hapo palikuwa na mti mkubwa uliokuwa ukionekana ukitoka mnadani.

Jumla iliyoandikwa baadaye ni kwamba kambi zilipojaa, mkoa wa Kagera ulikuwa ukichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Ni tarakimu ambayo nimeitumia kwenye pendekezo langu la utafiti bila kuihisi. Kwa Bibi ilikuwa ni kutembea. Alizoea kwenda na kurudi kabla jua halijawa kali. Kufikia 1995 alikuwa akiondoka gizani na kurudi saa nane, na siku nyingine akirudi na mabua. Wakimbizi katika Ngara waliwazidi wenyeji kwa idadi. Migomba iliibiwa, mbuzi waliibiwa, na hilo analisema bila kinyongo maalumu, kwa sababu hapohapo anakumbuka pia kwamba aliuza ndizi kuliko wakati wowote maishani, na kwamba bati la nyumba tuliyokuwa tumekaa ndani yake lilinunuliwa kwa fedha hiyo. Alikuwa na rafiki kambini, mwanamke wa Kibungo, aliyemwachia sufuria siku ya kuondoka. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengine walijaribu kukimbilia ndani ya nchi, porini, wakageuzwa. Barabara ikajaa tena, safari hii kuelekea mtoni. Sufuria ipo. Tunapikia maharage.

Hayo yote hayamo kwenye picha, na sidai kwamba yangeweza kuwemo. Picha ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ninachosema ni kwamba mtu wa kilima hicho hakuwemo hata kama kipimo.

Salgado mwenyewe hakutoka salama. Baada ya Benaco, Goma na miaka iliyofuata ya kuufuatilia mkasa wa Rwanda, alieleza mara nyingi kwamba aliugua, mwili na roho, akapoteza imani na binadamu na kutaka kuacha kupiga picha. Alirudi kwao Brazili, kwenye shamba la wazazi lililokuwa limekwisha miti, katika bonde la mto mkubwa wa Rio Doce. Mwaka 1998 yeye na mkewe, Lélia Wanick Salgado, walianzisha taasisi ya Instituto Terra wakaanza kupanda msitu upya. Mamilioni ya miche imekwishapandwa, na chemchemi zilizokauka zimerudi. Kutoka hapo ndipo ulipozaliwa mradi wake wa Genesis, alioufanya tangu 2004 na kuutoa kitabu mwaka 2013: barafu, jangwa, mito, misitu, wanyama, ardhi ambayo kwa macho yake haijaharibiwa. Alifariki Paris mwezi Mei 2025, na magazeti mengi yalimwaga kwa picha hizo za mandhari.

Siwezi kuziona picha za Genesis bila kuona Ngara nyuma yake. Msanii mmoja aliponea kwenye miti baada ya kutazama yaliyotokea juu ya vilima vyetu, na namfurahia kwa dhati. Ila jeraha lake lina vitabu, lina filamu iliyotengenezwa na Wim Wenders pamoja na Juliano, mwanawe Salgado, mwaka 2014. Vilima vyetu navyo vilipandwa miche na miradi iliyofuata kambi. Mingi ilikuwa mikaratusi na misonobari, iliyoota haraka kwa mistari iliyonyooka. Bibi anaiita miti ya shule.

Nilikwenda Rusumo siku ya tatu. Daraja la zamani limepata mwenzake mpya, lililozinduliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, na malori hupanga foleni usiku na mchana. Kando ya maporomoko sasa kuna mradi wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Askari mmoja aliniuliza kwa upole nina kibali gani cha kupiga picha mpakani. Sikuwa nacho. Akaniambia niirudishe kamera kwenye begi, kisha akaniuliza mimi ni wa kwa nani, na tulipokwisha kutambuana akanionyesha mahali pa kusimama ili nione maji vizuri, kwa macho tu. Nilisimama hapo nusu saa. Maji yana rangi ya udongo, wala hayafanani na maziwa. Yanabeba majani na vijiti na magugumaji, na jicho langu, bila kuombwa, lilikuwa likikagua kila kinachoelea.

Jioni nilimwomba Bibi twende kilimani. Alivaa kitenge cha kanisani, nikajua anatarajia kupigwa picha, ingawa hakusema. Njia ile ilimchosha, tulipumzika mara mbili. Tulipofika alizunguka kwanza, akilinganisha upeo wa macho na ule aliouona kwenye kompyuta, akasogea hatua chache kushoto, akarudi, akaniambia, "Simama hapa." Alikuwa sahihi. Mstari wa vilima ulikaa sawasawa na wa Salgado, ila chini yake sasa kulikuwa na mihogo, mikaratusi, nyumba za bati, na barabara yenye malori.

Nilimpiga akiwa amesimama mbele, karibu, upande wa kulia, kilima kikiwa nyuma yake kidogo kuliko yeye. Jua lilikuwa limeshachelewa na mkono wake umetoka na ukungu kwa sababu alikuwa akionyesha kitu. Nilimweleza habari ya Sontag kwa ufupi nilivyoweza, kwamba picha nyingi za huku hazina majina na kwamba hii ya kwetu nitaiandika jina lake kamili, la baba na la ukoo.

"Mtandaoni?" akauliza.

Ndiyo, mtandaoni.

Akacheka. "Jina langu liache hapa hapa nyumbani. Andika la kilima."

Nikamwuliza niandike Benaco, ili watu wapajue?

"Andika Kasulo," akasema, na kuanza kushuka, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na maharage yalikuwa bado motoni.